Mwaka wa Uso wa Kuazima

Kasuku alizikwa akiwa na pengo la meno mawili ya mbele, na sababu ya pengo lile ni mimi. Sikumpiga mimi. Aliyempiga alikuwa fundi viatu mmoja mpole, ambaye sijasikia akimpiga mtu mwingine kabla ya siku ile wala baada yake. Lakini mimi ndiye niliyemlazimisha Kasuku kusema maneno yaliyomfanya yule mpole anyanyue kigoda. Habari ya kifo ilinifikia Batsinda, ninakokaa sasa, asubuhi, nikiwa napiga pindo la sare za shule. Aliyepiga simu ni mdogo wangu Hamza, mtu mzima sasa, mwenye karakana ya kuchomelea mageti na watoto wanne. Hakuanza na salamu. "Dada, Kasuku ametutoka." Nikasema innalillahi. Nikasikia mashine ikinguruma nyuma yake, kisha akauliza jambo hasa lililomfanya apige: "Unadhani Sudi atakuja kutoka Kabuga?" Nikamwambia atakuja, marehemu alikuwa rafiki yake. "Basi mimi sijui kama nitaweza," akasema. Nikamwambia avae kanzu safi na aje. Ni miaka mingi tangu Hamza amchome Sudi kwa mkasi wangu, na katika miaka yote hiyo, ukiacha wenzake wa siku ile, tuliojua ni nani aliyechoma tulikuwa watatu: Hamza, mimi, na huyo tuliyekuwa tunakwenda kumzika. Ndivyo nilivyoamini hadi Ijumaa ile ya mazishi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, Hamza kumi na minne, mdogo wetu Mwamini tisa. Wazazi hawakuwepo, na sitasema zaidi, maana kila chumba cha uchochoro wetu wa Biryogo kilikuwa na watu wake wasiokuwepo. Mimi shule niliiachia darasa la sita. Tulikaa chumba kimoja nyuma ya msikiti: kitanda changu na Mwamini, mkeka wa Hamza mlangoni, jiko la mkaa chini ya dirisha. Ukuta wa kushoto tulichangia na mume na mke waliopigana, na tulikuwa tumejifunza kutambua kwa sauti ni kitu gani kimerushwa. "Hiyo sufuria," Mwamini alisema bila kuinua macho kwenye daftari lake. "Hiyo sahani. Hiyo mama mwenyewe." Tulikula maharage na ugali wa muhogo tukisikiliza. Hamza alirudi kila jioni na mdomo uliovimba, au na damu ya mtu mwingine kwenye shati, nami niliifua kwa chumvi na maji baridi, kwa sababu maji ya moto huikaza damu kwenye kitambaa. Sikumuuliza alimpiga nani. Nilimuuliza kama yuko hai huyo aliyempiga, naye alicheka. "Iko hai, dada. Analia tu." Nilikuwa nimejiapiza jambo moja: watatu tulioingia chumba kile tutatoka watatu, na hakuna atakayetoka akiwa na damu ya mtu shingoni.

Mchana nilishona kwenye baraza ya duka la vitambaa. Kushoto kwangu alisimama Sudi, mpiga pasi, mrefu, mwembamba, msemaji. Pasi yake ilikuwa ya mkaa, na alipoipepea cheche ziliruka hadi kwenye cherehani yangu. Katikati yetu, juu ya kibao, ulilala mkasi wangu mkubwa, ambao mpini wake niliuzungushia kitambaa chekundu kwa sababu chuma kilikuwa kinanichubua kidole gumba. Sudi aliuazima mara kumi kwa siku kukata nyuzi. "Lete simba wako mwekundu," alisema. Na mimi: "Usimlegeze meno." Hivyo tu, siku nzima, mwaka mzima.

Mkabala na baraza palikuwa na ukumbi wa filamu, banda la mabati lenye mabenchi, televisheni moja na deki. Kasuku ndiye aliyekuwa mfasiri. Alikulia Kigoma, Kiswahili chake kilinyooka kuliko chetu sote, na alikaa pembeni ya televisheni juu ya kreti la soda, kipaza sauti mkononi, akitueleza Wazungu na Wachina wanasema nini. Jumamosi na Jumapili mchana alionyesha zile tulizozipenda: mashetani, wafu wanaotembea, vyombo vya angani, wachawi wenye panga za moto. Kulikuwa na desturi ambayo sijaiona mahali pengine. Filamu ya kwanza ikiisha, asiyeweza kulipia ya pili alisimama mbele na kutoa hukumu. Alieleza filamu ilikuwa nzuri au mbaya, nani alikosea, nani alistahili kufa na hakufa. Ukumbi ukiridhika, alikaa. Usiporidhika, alirushiwa vifuniko vya soda mpaka mlangoni. Mimi nilikuwa na wadogo wawili, na ulimi wangu ndio uliotuingiza wote.

Nilihukumu kwa jicho la fundi. Kuna siku tulionyeshwa watu walioruka kwenda kwenye nyota fulani, wakakuta funza wakubwa kama magunia wanaowatafuna kuanzia miguuni. Nikasimama, nikasema: "Filamu imeshonwa vibaya. Yule funza mkubwa ana mshono wa zipu kwapani. Nimeuona mara tatu."

"Funza ana kwapa?" mtu akapiga kelele.

"Kama hana, zipu ya nini? Na hawa wasomi, wamesafiri miaka saba, nguo zao hazina hata mfuko mmoja. Kisu wangeweka wapi?"

"Aziza we! Ungewashonea wewe!"

"Ningewashonea, na yule mnene aliyeliwa wa kwanza ningempa suruali ya kukimbilia."

Banda zima lilicheka, hata Kasuku, na Hamza akanitazama kwa fahari ambayo sikuiona tena kwa muda mrefu. Nikiri hapa kwamba nilianza kuupenda ule ukimya wa kabla ya kusema. Mwenye shule ndogo akipewa nafasi ya kusikilizwa, hataki kuirudisha.

Kisha ikaja Uso wa Kuazima. Jina hilo alilitunga Kasuku mwenyewe. Ilihusu mji mdogo wa baridi ambako kitu kisicho na umbo kilitoka chini ya ziwa, kikawa kinaua mtu na kuvaa uso wake. Mke anamwandalia mumewe chai, mume anatabasamu, kisha taya lake linafunguka hadi kifuani. Damu ilikuwa nyingi kuliko filamu zote tulizowahi kuona. Watu waliovaliwa, wakikatwa, walitoa maji meusi, na hiyo ndiyo ilikuwa alama yao. Mwishoni walibaki ndugu wawili katika nyumba moja. Mkubwa anamshuku mdogo. Mdogo anasihi, ananyoosha mikono, na mkubwa anamcharanga kwa shoka mara nyingi mno, kamera haikwepi. Damu iliyotoka ilikuwa nyekundu. Ukumbi uliguna. Ndipo sauti ya Kasuku ikapanda: "Msidanganyike, ndugu zangu! Si mdogo wake huyu! Jini limejifunza hata damu nyekundu!" Watu wakapumua, wakapiga makofi. Kwenye kioo yule mkubwa alipiga magoti, akalia kwa muda mrefu sana bila neno. "Analia kwa furaha," akasema Kasuku. "Ameokoka." Filamu ikaisha.

Nilisimama kuhukumu. Sikutafuta zipu siku ile, kwa sababu hapakuwa na zipu. Nilisema mkubwa alikosea jambo moja tu, kuchelewa. Alipoteza nusu ya filamu akimtazama mdogo wake machoni na kujiuliza. "Ukishajua, usingoje," nilisema. "Huruma yako ndiyo mlango wake wa kuingilia." Sijui maneno yale yalitoka wapi. Pengine yalitoka mahali ambapo watu wengi mle ndani walificha mambo yao, maana hawakucheka wala kushangilia. Waliitikia kwa sauti ya chini kama watu walioambiwa kitu wanachokijua. Tulikaa filamu ya pili bure. Njiani kurudi, Hamza alirudia: "Ukishajua, usingoje." Nilimnunulia andazi.

Wakati filamu ile inaonyeshwa Sudi hakuwepo. Alikuwa ameugua, akapelekwa kwa dada yake Kabuga, na mwezi mzima baraza ilikuwa kimya. Aliporudi, kwa kweli hata mimi nilishtuka. Homa ilikuwa imempanda kichwani. Uso ulikuwa umevimba upande mmoja, jicho la kushoto halikufunga vizuri, sauti ilitoka nzito na polepole kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Hakutania. Nilimwambia, "Kaka Sudi, karibu, simba wako yupo," akautazama mkasi kama hajawahi kuuona. Aliwasha pasi, akaisahau juu ya shati la mteja hadi likatoboka. Vijana waliokaa ukutani mwa banda walimtazama siku ya kwanza, siku ya pili. Siku ya tatu nilisikia mmoja wao akisema, "Sha, huyu haiko Sudi," na wenzake hawakucheka. "Angalia jicho yake. Sudi angenisalimia." Hamza alikuwa kati yao. Nami nilisikia, nikaendelea kukanyaga cherehani, kwa sababu nilidhani ni mazungumzo ya filamu. Tulizungumza hivyo kila siku. Tulimwita muuza nyama mfu anayetembea, na mwenye nyumba wetu mchawi, na hakuna aliyewahi kuumia.

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Nilikuwa nimeingia dukani kuchagua vifungo. Nilisikia jiwe la kwanza likigonga bati, la pili likagonga kitu laini. Nilipotoka, Sudi alikuwa chini, mkaa wa pasi umemwagika kifuani kwake na shati linaungua, na vijana sita au saba wanampiga mateke ya mbavu, ya uso, ya lile jicho. Hakusema neno, ugonjwa ulimfanya achelewe hata kupiga kelele, na kule kuchelewa ndiko kulikowathibitishia. "Halilii! Munaona halilii!" Kibao chetu kilikuwa kitupu. Niliona kitambaa chekundu mkononi mwa Hamza kikishuka, kikapanda, kikashuka tena chini ya mbavu. Damu ikaja. Nilifikiri damu itawazindua. Kijana mmoja akapayuka, na maneno yake nitakwenda nayo kaburini: "Limejifunza hata damu!" Hamza akainua mkono mara ya tatu, nami nikaweka wangu katikati. Mkasi uliingia kwenye kiganja na kutokea upande wa pili. Ndipo aliponiona. Nilimwona akinitazama usoni, na kwa muda wa pumzi moja nilijua anajiuliza kama ni mimi. Sijawahi kuogopa kitu chochote kama pumzi ile.

Wenzake walikimbia, na kwa kuwa wote walikuwa wamepiga, hakuna aliyewahi kumtaja mwenzake. Niliuchomoa mkasi, nikampiga Hamza kofi kwa mkono uliochomwa, damu yangu ikambaki shavuni, nikamwambia, "Vua shati, bana hapo, bonyeza." Kasuku alitoka bandani, akaona yote, akauchukua mkasi bila kuuliza na kuutia ndani ya kanzu yake. Tulimbeba Sudi hadi zahanati juu ya ubao wa kupigia pasi. Askari walipokuja, nilisema nilikuwa ndani nachagua vifungo, sikuona nani, na mkono wangu niliukata katika kuamulia. Kasuku akasema vivyo hivyo. Watu wa mtaa walimwona Hamza amelowa damu akibonyeza jeraha, wakamsifu kwamba amemwokoa jirani. Sifa ile ilikuwa adhabu yake ya kwanza. Ya pili niliitoa mimi. Sudi alipotoka zahanati, nilimleta chumbani kwetu, nikamlaza kitandani, mimi na Mwamini tukashuka mkekani. "Utamwosha wewe," nilimwambia Hamza uani. "Asubuhi na jioni. Maji utachemsha wewe, kidonda utafunga wewe, mpaka asimame."

"Dada, siwezi kumgusa."

"Uliweza."

Alimwosha siku arobaini. Wa ukuta wa kushoto waliendelea kurushiana sahani, sisi tulikula maharage kimya, na Sudi kwa jicho lake moja zima alifuatilia beseni linavyoletwa na kuondolewa. Polepole utani ulirudi. Siku moja alimwambia Hamza, "Maji ya leo moto sana, unataka kunichuna?" na Hamza akatoka nje kutapika.

Katika siku hizo alikuja mteja wangu mmoja, mama wa ofisini aliyekulia Uganda na kusoma huko, kuchukua gauni. Mlangoni mwa banda bado ulining'inia ubao wa Uso wa Kuazima, uliochorwa sura za wale ndugu wawili. Akautazama. "Hii niliiona Kampala," akasema. "Nililia sana. Yule mdogo maskini." Nikamuuliza maskini vipi, naye alikuwa jini. Akanishangaa. "Jini gani? Alikuwa mtu. Ndiyo maana damu ni nyekundu. Kaka yake alimuua ndugu yake wa damu bure, halafu anabaki pale analia. Ndiyo filamu yenyewe."

Niliacha cherehani, nikavuka uchochoro. Kasuku alikuwa anafagia vifuniko. Nilimshika kola kwa mkono uliokuwa na bandeji. Hakukana. "Unajua nani wanakaa kwenye mabenchi haya, Aziza?" alisema. "Unawajua kwa majina. Yupo aliyemuua asiyestahili wakati wa yale mauaji. Yupo aliyeuliwa wake na mtu aliyesema nilidhani. Niwaambie jamaa kaua bure, halafu taa iwashwe, nendeni nyumbani? Niliwapa jini. Jini halina ndugu wa kumlilia."

"Ulinipa na mimi jini," nikasema. "Na mimi nikampa Hamza."

"Hukumu ilikuwa yako. Mimi sikusema usingoje."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililoniuma kuliko kiganja. Nikamwambia Jumapili ataionyesha tena, na ataitafsiri kama ilivyo, au nitakwenda kwa askari na kumtaja aliyeushika mkasi na aliyeuficha. Sikuwa na nia ya kumtaja Hamza. Yeye hakulijua hilo. Jumapili banda lilijaa. Kasuku alitafsiri kwa sauti ndogo, bila madoido. Shoka liliposhuka na damu nyekundu kutoka, alisubiri, kisha akasema, "Huyu alikuwa mdogo wake. Alikuwa mtu tu." Katika kile kilio kirefu hakusema chochote. Nilisikia benchi likiburutwa. Fundi viatu, yule mpole, alitembea mbele taratibu kama anayekwenda msalani, akanyanyua kigoda, akampiga nacho Kasuku mdomoni, kisha akaigeukia televisheni. Wengine wakamrukia, wengine wakawarukia waliomrukia. Mabenchi yalivunjwa juu ya vichwa vya watu. Mwanamke mmoja alibaki amekaa katikati ya vurugu, ameziba masikio, akisema "zima, zima", na kioo kilikuwa kimeshavunjika.

Sikutoka. Walipochoka, wengine wakivuja damu, wengine wakilia bila aibu, nilisimama mahali pa kutolea hukumu, kwa kuwa desturi ilikuwa haijatimizwa. Nikasema, "Mara ile nilihukumu vibaya. Nilisema alichelewa. Hakuchelewa. Aliwahi." Hakuna aliyerusha kifuniko. Hakuna aliyeitikia. Banda halikufunguliwa tena miezi mingi, na Kasuku aliporudi kutafsiri, kila herufi ya s ilitoka na mluzi. Mpaka leo sijui kama nilifanya haki. Fundi viatu alihama mtaa. Uongo wa Kasuku ulimfikisha Sudi kwenye mkasi, na ukweli wangu ulimtoa mpole yule nyumbani kwake. Nimevipima vyote viwili kwa miaka mingi na mizani haijasimama.

Sudi alichukuliwa na dada yake kwenda Kabuga akiwa anatembea. Alituma salamu kila Idi. Hakuja.

Ijumaa ile alikuja, na fimbo, jicho la kushoto bado limelegea, nywele nyeupe. Wanaume waliporudi kutoka makaburini na watu wengi kuondoka, tulibaki wachache uani kwa marehemu, pilau imeletwa katika sinia. Hamza alikuwa amesimama na birika na beseni, akiwanawisha watu, kazi ambayo hakuna aliyempa. Alikuwa amemwacha Sudi wa mwisho. Wakanikumbuka, wakanitania: Aziza wa hukumu, mwenye kuona zipu za majini. Sudi akacheka na wenzake, kisha akaniuliza, kwa sauti yake ile ile ya ndani ya pipa, "Aziza, ile filamu ya nyuso sikuiona. Kasuku aliniahidi kunisimulia, akaniahirishia mpaka ameondoka nayo. Inaishaje?"

Birika lilitulia mkononi mwa Hamza. Ningeweza kumpa jini. Marehemu alikuwa bado ana udongo mbichi, na hakuna pale ambaye angenikosoa. Nikasema, "Kaka anamuua mdogo wake. Anadhani si yeye. Ni yeye."

"Halafu?"

"Halafu basi. Analia, inaisha."

Sudi alitikisa kichwa kama fundi aliyeona kazi mbaya. "Imekatwa fupi," akasema. "Kasuku angeongeza kipande, na mimi naongeza. Yule aliyechomwa hafi. Aliona kitambaa chekundu, anakijua, kila siku kilikuwa kinalala karibu na pasi yake. Anaoshwa siku arobaini na mkono ule ule, naye ananyamaza, kwa sababu angesema, mkono ungekimbia, na maji siku nyingi yalikuwa ya moto vizuri tu." Kisha akaweka fimbo chini, akanyoosha viganja vyote viwili juu ya beseni, akamtazama mdogo wangu. "Mimina, Hamza. Pilau inapoa."

Hamza akamimina. Mengi yalimwagika nje ya beseni.